Saratani ya samaki: tuanzie stoo ya chakula

Kila baada ya muda picha ya aina ileile hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: sato kalazwa juu ya ubao, ubavuni ana nundu ya ukubwa wa ndimu, na chini yake onyo kwamba samaki wa kufugwa wana saratani, wanalishwa madawa, msile. Kwa siku mbili tatu wachuuzi huulizwa kila samaki katoka wapi, ziwani au bwawani, kisha habari hupoa. Hoja yangu ni kwamba onyo hilo limeshika jambo la kweli kwa upande usio na mpini. Samaki wanaofugwa hupata saratani, na mlipuko wa saratani unaojulikana kuliko mingine yote katika historia ya ufugaji wa samaki ulitokana na chakula. Lakini nundu ya kwenye picha mara nyingi si saratani, na hata ikiwa saratani haimwambukizi mlaji. Chakula kilicholeta balaa lile hakikuwa na homoni wala dawa. Kilikuwa na mashudu ya pamba yenye sumu ya ukungu. Mashudu ya aina hiyo, pamoja na pumba za mahindi, ndiyo yanayoingia leo kwenye vyakula vingi vya samaki vinavyochanganywa kienyeji kuzunguka Ziwa Victoria, na hapo hakuna anayepiga picha.

Tuanze na nundu yenyewe. Mwenye kisu kikali na dakika tano anaweza kujiondolea sehemu kubwa ya wasiwasi bila maabara. Kwenye sato na perege wa mabwawani, mgeni wa kawaida ni mnyoo bapa wa jenasi ya Clinostomum. Ndege wala samaki kama yangeyange na mnandi hutembea naye kinywani na kumwaga mayai yake majini wanapovua. Konokono wa bwawani humlea. Kisha huingia mwilini mwa samaki na kujifungia kwenye kifuko cha manjano, hasa ndani ya kifuniko cha matamvua, kooni na chini ya ngozi. Kitoboe kifuko hicho kwa ncha ya kisu, atatoka mnyoo mzima wa milimita chache akijikunjakunja. Saratani haijikunji. Vinundu vyeupe vidogo kama mtama vilivyotapakaa kwenye bandama na figo ni habari nyingine: hiyo kwa kawaida ni kazi ya bakteria, ama Francisella ama jamaa wa kifua kikuu, Mycobacterium. Huyu wa mwisho, hasa aina ya marinum, anastahili kuogopwa na anayesafisha tangi mikono mitupu akiwa na mchubuko, kwa sababu huleta vidonda sugu vya mkononi. Vipele vyeupe laini kwenye ngozi na matamvua vinaweza kuwa vifuko vya vimelea vya Myxobolus. Jicho lililotokeza nje kwa sato wa kizimbani, yaani anayefugwa ndani ya wavu ziwani, washuku bakteria wa streptokoka kwanza. Na kwa samaki wa mapambo, vile viuvimbe kama chembe za chumvi kubwa kwenye mapezi mara nyingi ni limfosisti, yaani seli zilizofurishwa na virusi, ambazo hupungua zenyewe maji yakitunzwa vizuri.

Uvimbe wa kweli ukiukata hutoa nyama iliyoshikana, haina kifuko, haina usaha, na mara nyingi huoni mpaka unapoishia na nyama nzima inapoanzia. Hata hivyo neno la mwisho ni la hadubini. Kata kipande kisichozidi unene wa sentimita 1, kitumbukize kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande, andika tarehe na bwawa, peleka maabara ya mifugo. Usikigandishe, kwani barafu hupasua seli na mtaalamu hataona kitu. Samaki aliyekufa usiku akaokotwa asubuhi kwenye maji ya nyuzi 28 hafai tena kwa kazi hii. Wengi huleta huyohuyo.

Kosa la kuita kila uvimbe saratani si letu peke yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 trauti, samaki wa maji baridi, wa kufugwa Marekani walikuwa wakiota uvimbe mkubwa chini ya koo, na walikuwepo wataalamu walioutangaza kuwa saratani ya tezi la shingo. Daktari David Marine na mwenzake C. H. Lenhart wakaenda kuutazama upya. Katika tafiti walizoanza kuzichapisha mwaka 1910 walionyesha kuwa ulikuwa rovu tu, lilelile la binadamu, kwa samaki waliosongamana na kulishwa maini ya machinjioni yasiyo na madini joto ya kutosha. Walipotia madini joto kidogo majini, uvimbe ulinywea. Mwaka 1917 Marine huyohuyo, safari hii na O. P. Kimball, akaanza kuwapa madini joto wasichana wa shule za Akron, Ohio, na matokeo yake yakafungua njia ya chumvi yenye madini joto ambayo leo ipo karibu kila jiko. Kama wote wangekubali neno saratani, uchunguzi ungeishia hapo.

Sasa tugeukie saratani zenyewe, maana zipo na zina sababu zinazojulikana. Nyingine tunaziumba wenyewe kwa kuchanganya mbegu. Wapenzi wa samaki wa mapambo wanawajua plati na mkiaupanga, wote wa jenasi ya Xiphophorus. Katika miaka ya 1920 watafiti kadhaa, wakiwemo Myron Gordon na Curt Kosswig, waliona kwamba plati mwenye madoa meusi kwenye pezi la mgongoni akizalishwa na mkiaupanga, kisha mtoto wao akarudishwa kwa mkiaupanga, takriban robo ya wajukuu huota saratani mbaya ya rangi nyeusi. Jeni ya saratani, iliyoelezwa mwaka 1989 kwa jina la xmrk, plati mwenye madoa hayo anayo siku zote. Anayo vilevile jeni nyingine ya kuifunga breki, na uzao ule huiacha breki nyuma. Anayefuga weusi wa kuvutia bila kujua ukoo wao anaweza kuwa anafuga hilo.

Nyingine huletwa na uchafuzi, na hapa wanaolaumu kemikali wana hoja yao nzito kuliko zote. Katika mto Black, Ohio, samaki wa kahawia wa jamii za kambale waliokuwa wakiishi kwenye tope lililojaa masalia ya kiwanda cha koki (makaa ya mawe yaliyookwa) walikuwa na saratani nyingi za ini. Kiwanda kilifungwa mwaka 1983, na katika miaka michache iliyofuata saratani hizo zikapungua sana. Sina la kupinga hapo. Mwenye bwawa linalopokea maji ya gereji au ya dampo, ahame. Ila tazama huo ushahidi unasema nini: samaki wa tope, mahali pamoja, wameishi humo miaka. Sato wa kizimbani huning'inia kwenye wavu juu ya maji marefu, hula kinachorushwa na binadamu, na huvunwa baada ya miezi 6 hadi 8. Kinachomgusa kila siku, asubuhi na jioni, ni chakula.

Ndiyo maana kisa cha 1960, ule mlipuko niliougusia mwanzoni, kinatuhusu. Kwa miongo mingi trauti wa Marekani walikuwa wamelishwa maini na mabaki mabichi ya machinjio. Baada ya hapo vikaja vidonge vikavu: rahisi kusafirisha, rahisi kutunza, na protini yake kwa sehemu ilitoka kwenye mashudu ya mbegu za mafuta. Kisha, mwaka 1960, vituo vya kufugia trauti vikagundua kwamba samaki wao wakubwa wana maini yaliyojaa uvimbe, kwenye baadhi ya mabwawa karibu kila samaki. Nje walikuwa wazuri, wanene, wanaong'aa. Mwaka uleule Uingereza mabatamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu ya ukungu wa Aspergillus flavus, ambayo jina lake, aflatoksini, limeunganishwa kutoka kwenye jina la ukungu huo. Watafiti wa trauti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, waliifuata sumu hiyo hadi kwenye mashudu ya pamba. Sisi tumeipa jina zuri zaidi: sumukuvu.

Pamba ilikuwa na hatia mara mbili. Mafuta yanayobaki kwenye mashudu yake yana asidi zenye pete ya saiklopropeni, na majaribio kwa trauti yalionyesha kwamba asidi hizo huiongezea sumukuvu nguvu ya kuleta saratani. Yaani mashudu ya pamba yenye ukungu si sawa na mashudu mengine yenye kiasi kilekile cha sumu. Kwa mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, ambako pamba inachambuliwa jirani na vizimba, jambo hili lilipaswa kuwa kwenye kila semina ya mchanganyo wa chakula. Husikii likitajwa, kinachosemwa ni bei ya gunia.

Mfugaji mwenye uzoefu atanijibu: trauti si sato. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Ini la trauti huigeuza aflatoksini B1, aina kali kuliko zote ya sumu hiyo, kuwa epoksidi, kemikali inayojibandika kwenye DNA, na lina uwezo mdogo sana wa kuizimua kabla haijafika huko. Kiasi cha chini ya mikrogramu 1 kwa kilo ya chakula, kikiliwa mwaka na zaidi, kinatosha kuwaletea baadhi yao uvimbe. Kwa sato, majaribio ya wiki 8 yalionyesha ukuaji ukianza kudorora chakula kikiwa na miligramu 2.5 kwa kilo, ambayo ni zaidi ya mara elfu mbili ya kiasi kile. Wengi hufunga mjadala hapo. Lakini namba hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Moja inahesabu uvimbe baada ya zaidi ya mwaka. Nyingine inapima uzito baada ya miezi miwili. Samaki anayevunwa akiwa na miezi 7 hana muda wa kuota saratani hata kama mbegu yake imeshapandwa, kwa hiyo kutoiona bwawani si ushahidi kwamba chakula ni safi. Halafu sato anayekula sumu kidogo kidogo si lazima aote uvimbe ili akutie hasara. Ini linalopambana na sumu halifanyi kazi yake, kinga hushuka, bakteria wanaovumiliwa na samaki mzima humwangusha, na chakula kinachotumika kupata kilo moja ya samaki huongezeka. Mfugaji hulaumu mbegu ya vifaranga, hubadilisha kituo, na msimu unaofuata hulaumu tena.

Ipo hoja ya homoni, nayo tuipime kwa vipimo badala ya kelele. Vituo vingi vya vifaranga hutumia methiltestosteroni kupata sato madume watupu, kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai vitoto. Kipimo cha kawaida ni miligramu 60 kwa kilo ya chakula. Huyeyushwa kwenye spiriti, hunyunyizwa kwenye chakula cha unga, hukaushwa kivulini, na vifaranga hulishwa kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula. Wakati huo kila mmoja hajafika hata gramu 1. Kutoka hapo hadi sahanini kuna miezi kadhaa bila homoni na uzito ulioongezeka mara mamia; kinachobaki hutolewa mwilini ndani ya siku na wiki za mwanzo. Anayepaswa kuogopa ni kijana anayechanganya ule unga bila glavu wala barakoa, na pia bwawa la jirani linalopokea maji ya kituo. Mlaji hayumo. Inashangaza kwamba kampeni zote zinamlenga mlaji, na huyo kijana hatajwi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa kuliko zote: kwamba ukila samaki mwenye saratani utapata saratani. Seli ya saratani ya samaki ni seli ya samaki. Sufuria inaiua, tumbo linaisaga, na hata ingepona, mwili wa binadamu ungeitambua kuwa ngeni. Saratani zinazohama kutoka mnyama hadi mnyama ni chache mno duniani, kama ile ya sehemu za siri za mbwa, na kwa kawaida hazitoki nje ya spishi au jamii zake za karibu. Samaki mwenye uvimbe utamtupa kwa sababu hapendezi na huenda ana bakteria. Sababu hiyo inatosha bila kuitia saratani.

Sumukuvu, kwa upande mwingine, haiogopi sufuria. Ugali unaiva kwa joto la maji yanayochemka. Aflatoksini huhimili zaidi ya nyuzi 200. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka kundi la 1, la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, na mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa kwenye hatari kubwa zaidi akiila. Mwaka 2004 iliua watu 125 Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua watu 20 Tanzania, Dodoma na Manyara. Hao walikula mahindi, hawakula samaki. Kinachopita kutoka kwenye chakula cha samaki hadi kwenye mnofu ni kidogo, kingi hubaki kwenye ini na matumbo, ambavyo wengi wetu hutupa. Kwa hiyo sidai kwamba sato wa bwawani ndiye anayetuletea saratani ya ini. Ninachosema ni kwamba ghala linalomlisha samaki na ghala linalomlisha mtoto mara nyingi ni moja.

Tazama safari ya gunia la mahindi. Yakikobolewa ili kupata sembe, sehemu kubwa ya sumu huondoka na ganda na kiini. Mlaji wa sembe anapona kiasi. Mlaji wa dona anaila yote. Na pumba, ambazo zimebeba kile kilichoondolewa, zinauzwa kwa mfugaji. Chukua mchanganyo wa kawaida wa kilo 100: dagaa kilo 25, mashudu kilo 35, pumba kilo 40. Mashudu yakiwa na mikrogramu 200 kwa kilo na pumba zikiwa na 50, chakula kizima kitakuwa na 90, hata kama dagaa ni safi kabisa. Kiwango cha juu cha jumla ya aflatoksini kwenye mahindi ya kula binadamu, kwa viwango vya Afrika Mashariki, ni 10. Na hesabu hiyo inadhani mchanganyo umelingana, wakati sumukuvu hukaa kwa mafungu: gunia moja safi, la pili yake limeoza moyoni. Kuchota kiganja juu ya gunia la kwanza na kusema umepima ni kujidanganya. Piga bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kuchotea, kwenye magunia mengi, juu, kati na chini, changanya yote, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayokabiliana, rudia hadi ubaki na kilo moja, ndipo upeleke.

Kuzuia ni rahisi kuliko kupima. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13, karanga 7. Ukikosa kipimo, tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache, subiri. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi 15, rudisha juani. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, usiweke sakafuni hata siku moja ya masika. Nunua chakula cha wiki tatu, usinunue cha miezi mitatu kwa sababu kuna punguzo. Chakula chenye harufu ya uvundo usikianike ukadhani kimepona: jua hukausha ukungu, sumu hubaki. Udongo wa bentonaiti wa asilimia 0.5 hadi 1 kwenye mchanganyo hushika sehemu ya sumu tumboni na unasaidia. Lakini anayeutumia ili aendelee kununua mashudu ya bei ya kutupa anajificha nyuma ya kidole.

Linalobaki ni la serikali na wanunuzi wakubwa. Tukiyakataa mahindi yenye sumukuvu yasiuzwe kwa binadamu, na hakuna anayeyanunua ili kuyateketeza, yatakwenda kwenye chakula cha mifugo. Mwenye mzigo hana pengine pa kuupeleka. Kila kipimo kinachoongezwa kwenye soko la unga bila kingine kuongezwa kwenye kinu cha chakula cha mifugo kinausogeza tu mzigo. Vizimba vinaongezeka kila mwaka, na wazazi wanaotoa vifaranga vyao hukaa kwenye vituo miaka miwili hadi mitatu wakila chakula kilekile. Hao ndio samaki pekee wenye umri wa kutosha kutuonyesha kilichomo ndani ya gunia, na wakichoka kutaga huuzwa bila mtu kufungua matumbo yao.

Wafunguliwe. Ini la sato mzima ni laini, la kahawia na usawa mmoja. Lililopauka na kuwa na mafuta linaweza kuwa la wanga mwingi tu, lakini lenye vinundu vigumu vya rangi tofauti lipelekwe maabara kwenye formalini. Na kila mzigo wa chakula unaoingia kituoni, nusu kilo yake ifungwe kwenye mfuko mkavu, iandikwe tarehe na muuzaji, ikae kwenye friza hadi kundi la wazazi waliokula mzigo ule liondolewe. Bila hicho kimfuko, maabara itasema samaki alikuwa na nini, na muuzaji wa mashudu atasema hayakuwa yake.